Kompyuta ilivyofufua picha zinazochapwa kwa jua

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA leo katika studio nyingi za picha mijini, hutakikuta tena kile chumba kidogo chenye taa nyekundu, harufu kali ya dawa na kamba iliyoanikwa picha mbichi zikichuruzika maji. Mahali pake pamewekwa kompyuta, printa na benchi la wateja wanaosubiri picha za pasipoti.

Chumba hicho, maarufu kwa jina la chumba cha giza, kilififia taratibu kwa miaka kadhaa, kisha kikaanguka kwa kishindo. Mwaka 2004 kampuni ya Ilford ya Uingereza, mtengenezaji mkubwa wa filamu na karatasi za picha nyeusi na nyeupe, iliwekwa chini ya mfilisi kabla ya kununuliwa na mameneja wake wenyewe. Mwaka uliofuata AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika, na Kodak ya Marekani ikatangaza kuacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Mwaka 2008 Polaroid nayo ilitangaza kusitisha filamu zake za papo kwa papo, na Januari 2012 Kodak yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Lawama zote zilielekezwa kwa kamera za dijitali na kompyuta, na kwa sehemu kubwa zilikuwa lawama za haki.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kompyuta hiyo hiyo, ikisaidiana na printa ya mezani, imefufua njia za kuchapa picha zilizo kongwe kuliko hata chumba cha giza chenyewe. Njia za karne ya 19 ambazo hutumia jua, maji, burashi na karatasi ya kawaida ya kuchorea. Na la kustaajabisha zaidi ni kwamba aliyezizika njia hizo hapo zamani hakuwa kompyuta, bali ni chumba cha giza hicho hicho ambacho leo kinaliliwa.

Kwa wasomaji waliozaliwa katika zama za simu zenye kamera, huenda neno negativu likahitaji maelezo. Filamu ikishasafishwa, kila kilichokuwa cheupe huonekana cheusi na kila kilichokuwa cheusi huwa angavu. Shati jeupe la bwana harusi huwa jeusi tii, na suti yake nyeusi hupitisha mwanga kama kioo. Ukiilaza negativu hiyo juu ya karatasi iliyopakwa dawa inayobadilika kwa mwanga, mambo hupinduka tena na picha yenyewe hupatikana. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba negativu moja huweza kuzaa picha 10, 100 au zaidi, zote zikifanana.

Utaratibu huo ulianzishwa na Mwingereza William Henry Fox Talbot. Negativu yake ya Agosti 1835, inayoonyesha dirisha la nyumba yake ya Lacock Abbey, ndiyo kongwe zaidi inayojulikana kuwapo hadi leo, na ukubwa wake unakaribia ule wa stempu ya posta. Talbot alichovya karatasi katika maji ya chumvi ya kawaida, akaikausha, kisha akaipaka nitrati ya fedha. Karatasi hiyo ikikutana na mwanga hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva.

Rafiki yake, mwanasayansi Sir John Herschel, ndiye aliyegundua kwamba thiosulfati ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha, hivyo kuizuia picha isiendelee kuwa nyeusi mpaka ikapotea. Ndiye pia aliyependekeza matumizi ya maneno yanayotambulisha picha hasi na picha chanya. Mwaka 1842 Herschel alivumbua njia nyingine isiyohitaji fedha hata chembe, bali chumvi za chuma, ambayo hutoa picha za bluu iliyokolea. Njia hiyo huitwa sianotaipu. Mwaka mmoja baadaye Anna Atkins wa Uingereza aliitumia kuanza kutoa kitabu chake cha picha za mwani wa baharini, ambacho hutajwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za mwanga. Atkins hakutumia kamera wala negativu. Alilaza mwani wenyewe juu ya karatasi na kuuanika juani.

Zilifuata njia nyingine nyingi. Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza karatasi iliyopakwa ute wa yai, ambayo ilitawala biashara ya picha kwa miongo kadhaa. Mwaka 1873 Mwingereza William Willis alisajili hataza ya kuchapa picha kwa platinamu. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1850, ilikuwapo njia ya kuchanganya rangi ya maji, gundi ya mgunga na daikromati, ambayo wasanii wa Ufaransa na kwingineko waliipenda mno mwishoni mwa karne hiyo.

Njia hizo, pamoja na tofauti zake, zina tabia moja inayofanana. Dawa zake ni goigoi. Hazijali mwanga wa balbu ya nyumbani. Kinachoziamsha ni miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo hupausha mapazia ya dirishani na kuzifubaza kanga zinazoanikwa juani kila siku. Hata kwa jua kali, baadhi yake huhitaji dakika 5, nyingine 20 au zaidi, kabla picha haijakolea.

Hapo ndipo ilipo siri ya makala haya. Kwa kuwa dawa ni goigoi, haiwezekani kuikuza picha ndogo kwa kuimulika kupitia lenzi mpaka iwe kubwa, kwani lenzi na balbu za mashine za kukuzia hutoa miale hiyo kwa kiasi kidogo mno. Negativu lazima ilazwe juu ya karatasi, kioo kikandamizwe juu yake, na vyote vipelekwe juani. Picha inayopatikana huwa na ukubwa ule ule wa negativu. Ukitaka picha ya ukubwa wa ukurasa wa gazeti, lazima uwe na negativu ya ukubwa wa ukurasa wa gazeti.

Wapiga picha wa zamani walikubali adhabu hiyo. Mwaka 1861 Mmarekani Carleton Watkins aliingia katika bonde la Yosemite, California, akiwa na kamera iliyotumia vioo vya inchi 18 kwa 22, yaani karibu sentimita 46 kwa 56, huku mizigo yake ikibebwa na nyumbu. Vioo hivyo vilipakwa dawa palepale porini, vikapigwa picha na kusafishwa ndani ya hema kabla havijakauka. Dawa ikikauka, kazi imeharibika.

Ni dhahiri kwamba watu wasingeendelea kuteseka hivyo kama ingepatikana njia rahisi. Nayo ilipatikana. Mwishoni mwa karne ya 19 ziliingia karatasi za jelatini na fedha zilizokuwa na wepesi wa kutosha kuona mwanga wa taa. Sasa negativu ndogo iliweza kuwekwa ndani ya mashine ya kukuzia, ikamulikwa ukutani au mezani, na picha kubwa ikapatikana kwa sekunde chache. Kamera ndogo kama Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925, zilimaliza ubishi. Platinamu nayo ilipata pigo la peke yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale madini hayo yalipohitajika viwandani kwa ajili ya vita na bei yake kupanda mno. Watengenezaji wakageukia paladiamu, ndugu yake platinamu, lakini soko lilikwisha kuhama.

Ndiyo kusema, chumba cha giza chenye taa nyekundu ndicho kilichoziua njia hizo kongwe. Kwa zaidi ya nusu karne zilibaki mikononi mwa watu wachache wenye subira.

Mmoja wao alikuwa Irving Penn, mpiga picha mashuhuri wa mitindo wa Marekani, ambaye mwaka 1964 alianza majaribio ya kurudisha uchapaji wa platinamu. Ili apate negativu kubwa, Penn alilazimika kuzihamishia picha zake kwenye filamu kubwa chumbani mwake. Aligandisha karatasi yake juu ya bati la alumini ili isitanuke wala kusinyaa, akaweza kuipaka dawa na kuiangazia zaidi ya mara moja, huku negativu ikirudi mahali pale pale kwa usahihi wa unywele. Picha alizozipata ni miongoni mwa zinazosifiwa sana katika historia ya fani hiyo, lakini si kila fundi alikuwa na subira, fedha wala chumba kama chake.

Kwa fundi wa kawaida, kutoka negativu ndogo kwenda kubwa kulihitaji hatua mbili: kwanza kutengeneza picha chanya kwenye filamu, kisha kuikuza picha hiyo kwenye filamu nyingine kubwa ili igeuke tena kuwa negativu. Kila hatua ilikula sehemu ya ukali wa picha. Chembe moja ya vumbi katika hatua ya kwanza ilikua na kuwa doa kubwa kama punje ya mchele katika hatua ya mwisho. Aidha, filamu hizo kubwa zilikuwa ghali, na ukikosea kipimo cha mwanga unatupa karatasi nzima.

Mwaka 1992 mpiga picha wa Marekani, Dan Burkholder, alianza kutumia kompyuta kutengeneza negativu hizo kubwa, na mwaka 1995 akachapisha kitabu cha kueleza namna ya kufanya hivyo, kiitwacho Making Digital Negatives for Contact Printing. Mwanzoni hakutumia printa ya mezani, kwani za wakati huo hazikuwa na uwezo huo. Alitumia mashine za viwanda vya uchapaji za kutolea filamu za kurasa, zile ambazo wakongwe wa vyumba vya habari wanazikumbuka kabla kurasa hazijaanza kutumwa moja kwa moja kwenye bamba la kuchapia. Picha ilivunjwa kuwa nukta ndogo mno, ikatolewa kwenye filamu kubwa, na filamu hiyo ikapelekwa juani.

Miaka michache baadaye printa za wino za mezani ziliboreka kiasi kwamba safari ya kwenda kiwandani haikuwa na maana tena. Badala ya karatasi, printa hulishwa plastiki angavu maalumu, inayofanana na zile ambazo walimu walizitumia kwenye mashine za kumulika maandishi ukutani, ila hii hupakwa utando unaoshika wino usitiririke. Kinachotoka ni negativu ya ukubwa wowote ambao printa inaumudu, kwa gharama iliyo ndogo kuliko filamu ya ukubwa huo.

Kwa kuisikiliza tu, kazi yenyewe inaonekana nyepesi. Picha inaingizwa kwenye kompyuta, inageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, rangi zinapinduliwa ili iwe negativu, kisha inachapwa. Lakini anayefanya hivyo bila hatua ya kati hujuta. Nyuso za watu hutoka kama zilizopakwa chaki, na vivuli huwa kama masizi ya chungu.

Sababu ni kwamba dawa za kale hazihesabu mwanga kama kompyuta inavyouhesabu. Kompyuta hugawa ngazi zote kutoka nyeupe hadi nyeusi kwa hatua zinazolingana. Dawa ya bluu ya Herschel, kwa mfano, hukimbia katika ngazi fulani na kujikokota katika nyingine. Kwa hiyo ni lazima kuifundisha kompyuta tabia ya dawa, na mafundisho hayo hupatikana kwa majaribio tu.

Jaribio la kwanza ni la muda. Fundi hulaza kipande cha plastiki kitupu, kisicho na wino, juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaiangazia kwa vipande: dakika 2, 4, 6, na kuendelea. Baada ya kuosha na kukausha hutazama ni wapi weusi umefika kilele na hauongezeki tena. Muda mfupi kabisa unaofikisha kilele hicho ndio muda wake wa kudumu, na hautabadilishwa tena kwa dawa hiyo, karatasi hiyo na taa hiyo.

Jaribio la pili ni la ngazi. Huchapwa negativu ya chati yenye vipande vya kijivu kuanzia cheupe kabisa hadi cheusi kabisa, ikaangaziwa kwa muda ule ule uliopatikana. Hapo ndipo ukweli hujitokeza: labda vipande sita vya mwisho vimemezwa vyote na weusi, au vipande vinne vya mwanzo havionekani kabisa. Fundi huiskani chati hiyo, hulinganisha kilichotoka na kilichokusudiwa, kisha huiamuru kompyuta iongeze wino hapa na kupunguza pale. Marekebisho hayo huhifadhiwa na kutumika kwa kila picha itakayofuata. Ukibadilisha karatasi au wino, unaanza upya.

Lipo na fumbo jingine ambalo limewasumbua wengi, nalo ni la macho. Wino unaoonekana mweusi si lazima uwe mweusi kwa miale ya urujuanimno. Wino wa manjano, ambao kwa jicho unapitisha mwanga vizuri, mara nyingi huzuia miale hiyo kwa nguvu isiyotarajiwa. Ndiyo maana negativu nyingi za printa hazifanani na filamu tulizozizoea. Burkholder alipata sifa kwa negativu zake za rangi ya chungwa, na wengine wakachapa za kijani. Mtu asiyejua anaweza kudhani printa imeharibika.

Faida iliyopatikana ni kubwa kuliko urahisi wa kukuza. Zamani, negativu iliyosafishwa kwa ajili ya karatasi ya kawaida ya chumba cha giza haikufaa kwa platinamu, kwani platinamu hudai negativu yenye tofauti kubwa zaidi kati ya sehemu nzito na nyepesi. Mpiga picha alipaswa kuamua mapema, hata kabla ya kusafisha filamu, picha ile itachapwa kwa njia gani. Sasa faili moja huweza kutoa negativu ya platinamu leo, ya bluu kesho na ya chumvi keshokutwa, kila moja ikiwa na marekebisho yake.

Mafanikio hayo yanaonekana zaidi katika njia ya gundi. Rangi ya maji huchanganywa na gundi ya mgunga, ambayo Sudan ni mzalishaji wake mkubwa duniani, pamoja na daikromati. Palipopigwa na mwanga gundi hushupaa. Pasipopigwa huyeyuka majini na kuondoka na rangi yake. Kwa kuwa kila tabaka hubeba rangi moja, picha ya rangi kamili huhitaji negativu tatu: moja kwa rangi ya manjano, moja kwa nyekundu ya zambarau na moja kwa bluu. Kuzitenganisha rangi hizo kwa vichujio na filamu ilikuwa kazi ya siku kadhaa. Kompyuta hufanya hivyo kwa muda wa kunywa chai. Hata hivyo kompyuta haisaidii katika kulenga: karatasi ikisinyaa milimita moja baada ya kuoshwa, mdomo wa mtu hutoka pembeni mwa uso wake, kwa hiyo mafundi huichovya karatasi katika maji ya moto na kuikausha kabla ya kuanza, ili ikamilishe kusinyaa kwake mapema.

Wapo wasiopendezwa na ndoa hii ya zamani na sasa. Hoja yao ni kwamba picha iliyopita kwenye kompyuta haina haki ya kuitwa kwa jina la njia ya kale, na kwamba nukta za wino haziwezi kushindana na negativu halisi ya filamu kubwa au kioo. Katika hoja ya pili wana ukweli. Kwenye karatasi laini, negativu ya kamera kubwa hutoa vijipande vya maelezo ambavyo printa haivifikii, na printa isiyotunzwa huacha michirizi inayoonekana waziwazi angani. Katika hoja ya kwanza mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Kinachobaki mikononi mwa mtazamaji ni platinamu iliyoingia ndani ya nyuzi za karatasi, si wino. Wino ulibaki kwenye plastiki. Ila si vibaya anayeuza picha hiyo aandike nyuma yake kwamba negativu ilitoka kwenye printa.

Suala la kudumu ndilo linalowavuta wengi. Platinamu ni madini yasiyoshika kutu, na picha yake ikioshwa sawasawa huweza kuishi kadiri karatasi yenyewe itakavyoishi. Bluu ya Herschel ni dhaifu zaidi lakini ina maajabu yake: ikipauka kwa kukaa kwenye mwanga mkali, huweza kurejesha sehemu kubwa ya rangi ikiwekwa gizani kwa muda. Adui yake mkubwa ni magadi na sabuni, ambavyo huila rangi hiyo.

Katika pwani yetu, picha zilizochapwa kwa jua si jambo geni. Picha nyingi za Zanzibar za karne ya 19, enzi za studio kama ile ya A.C. Gomes, zilichapwa kwenye karatasi ya ute wa yai kwa kulazwa chini ya negativu za kioo. Sehemu ya hazina ya aina hiyo imo katika mkusanyiko wa Winterton unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia mwaka 1860 hadi 1960. Ute wa yai una kasoro yake: hugeuka manjano na picha hufifia. Pale ambapo negativu ya kioo ilivunjika au kutupwa, nakala hiyo inayofifia ndiyo pekee iliyobaki, na hakuna njia ya chumba cha giza ya kuichapa upya bila kwanza kuipiga picha na kutengeneza negativu nyingine. Kwa kompyuta, nakala inaskaniwa, madoa yanaondolewa, na negativu mpya inapatikana bila karatasi ya asili kuguswa na tone la dawa.

Kwa anayetaka kujaribu, njia ya bluu ndiyo ya kuanzia. Kanuni iliyozoeleka ni gramu 25 za sitrati ya chuma na amoniamu katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za ferisianidi ya potasiamu katika mililita 100 nyingine, kila moja katika chupa yake. Huchanganywa kwa vipimo sawa wakati wa kazi, zikapakwa kwa burashi kwenye karatasi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu wa balbu, na karatasi ikaachwa ikauke gizani. Baada ya kuangaziwa, kinachohitajika ni maji safi tu. Negativu huchapwa ikiwa imegeuzwa kulia kwenda kushoto, ili upande wenye wino ndio ugusane na karatasi na picha itoke ikiwa sawa.

Pamoja na urahisi huo, tahadhari ni lazima. Ferisianidi haipaswi kukutanishwa na asidi kali wala kupashwa moto, kwani inaweza kutoa gesi ya sumu. Daikromati ya njia ya gundi ni hatari zaidi; husababisha saratani, na tangu mwaka 2017 matumizi yake katika Umoja wa Ulaya yanahitaji kibali maalumu. Vyombo vya kazi hizi havirudi jikoni.

Mwandishi wa makala haya alijaribu njia ya bluu kwa picha ya babu yake, aliyeketi studioni akiwa na kanzu, koti na saa ya mkononi, nyuma yake pazia lililochorwa mnazi. Studio iliyompiga ilifungwa zamani na negativu zake hazijulikani zilipo. Nakala ilikuwa moja tu, na ukungu ulikwisha kuila pembe ya chini. Hofu haikuwa ya bure: mwandishi huyo huyo alikwisha kupoteza picha za miaka minne za mwanawe, siku simu yake ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji, kwa kuwa hakuwa amezihifadhi mahali pengine popote.

Kemikali zilinunuliwa katika duka la vifaa vya maabara. Karatasi tatu za mwanzo ziliharibika, moja kwa sababu ya unyevu, mbili kwa sababu ya haraka. Ya nne ilianikwa juu ya paa kwa dakika 12, jua likiwa la utosi. Ilipotiwa majini, rangi ya kijani iliyopauka iliyeyuka, na uso wa mzee ukabaki katika bluu iliyozidi kukolea kadiri karatasi ilivyokauka.

Shangazi, bintiye marehemu, aliishika kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Baba hakuvaa saa mkono huu.”

Negativu haikuwa imegeuzwa. Picha ya tano ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwake, kwenye ukuta usiofikiwa na jua la jioni. Ile ya nne aliikataa.